Fundi Anajibu: Kabla Hujaitupa Hiyo Bodi

Mwezi huu meseji nyingi zimekuja kuhusu hizi bodi ndogo za kuprogramu, Arduino na ESP32 na wenzao, na karibu wote mnauliza kitu kimoja, eti bodi imekufa, ninunue ingine? Nimechagua barua tano. Niseme mapema: bodi nyingi zinazotupwa hazijafa, kilichoharibika ni kakitu kamoja njiani kati ya laptopu na chipu, na mtu asiyejua ni wapi anaishia kununua bodi ya pili nayo inagoma vilevile. Hela ya bodi kwa mwanafunzi au mfugaji si ya kuchezea, ndo maana barua ya kwanza nimeijibu kwa urefu.

Habari fundi. Mimi nafuga kuku hapa Mbale, nimejitengenezea mashine ya kutotolesha vifaranga kwa Arduino Uno ya kopi niliyonunua Kampala. Inasoma joto na inawasha balbu kwa rilei, ile swichi inayoendeshwa na umeme. Juzi nikaongeza moduli ya GSM, ile ya laini ya simu, na kabetri, ili inipigie meseji stima ikikatika. Tangu hapo nikitaka kubadilisha programu laptopu inagoma, inaandika stk500_getsync, attempt 10 of 10, not in sync. Programu ya zamani bado inaendesha balbu vizuri. Fundi mmoja wa simu ameniambia chipu imeungua ninunue bodi mpya. Nifanye nini na mayai yananingoja? Mfugaji, Mbale

Ndugu mfugaji, pole na presha ya mayai, lakini tulia kwanza manake barua yako yenyewe ina nusu ya jibu. Umesema balbu bado zinawaka na kuzima kwa programu ya zamani. Sasa chipu iliyoungua inaendeshaje balbu? Chipu yako ni nzima. Kinachoshindikana ni laptopu kuongea nayo, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, usikubali mtu akuuzie bodi kwa kuyachanganya.

Uno ina njia moja tu ya siriali, yaani njia ya kupokezana data na kifaa kingine, iko kwenye pini 0 na pini 1, na njia hiyohiyo ndo chipu ya USB inaitumia kuleta programu kutoka laptopu. Mifano mingi ya GSM inayozunguka kwenye intaneti inakuambia uchomeke hapohapo 0 na 1, na naamini ndo ulivyofanya kwa sababu shida imeanza ulipoiongeza. Ukifuata njia za shaba kwenye bodi utaona kati ya chipu ya USB na pini 0 kuna karezista ka kilo-omu 1, lakini waya wa GSM unaingia moja kwa moja bila kizuizi, kwa hiyo GSM ikiwa imeshika huo mstari sauti ya laptopu haifiki, inaita mara kumi alafu inakata, ndo hiyo attempt 10 of 10 unayoiona. Chomoa waya mbili za pini 0 na 1, pakia programu yako, alafu uzirudishe. Naona utamaliza hapo.

Ila usiishi hivyo, kuchomoa na kuchomeka kila siku kunalegeza waya. Hamisha GSM iende pini 7 na 8, tumia maktaba ya SoftwareSerial inayozigeuza pini za kawaida kuwa njia ya siriali, spidi ya 9600 inatosha sana kwa meseji. Na uangalie hiyo moduli inakula umeme wa wapi. Kama ni SIM800L, yenyewe inataka kati ya volti 3.4 na 4.4, na inapoongea na mnara inaweza kuvuta mpaka ampia 2 kwa kamuda kafupi. Pini ya 5V ya Arduino haiifai kwa njia zote mbili, volti zimezidi na nguvu haitoshi, fyuzi ya USB kwenye Uno yenyewe ni ya miliampia 500 tu. Ipe chanzo chake cha umeme, kisha unganisha GND (upande wa hasi wa umeme) ya GSM na GND ya Arduino, hiyo GND watu wengi wanaisahau alafu wanashangaa meseji hazitoki.

Kama umechomoa na bado inagoma, basi twende hatua kwa hatua, na usiruke, kwa sababu kila hatua inakuambia upande gani ni mzima. Anza na kebo. Uno yenye tundu la kebo ya printa haina shida sana, ila zile kopi zenye tundu kama la simu watu wanazichomekea kebo za chaja, na nyingi za hizo ndani zina waya mbili tu za umeme, zile mbili za data hazimo. Taa ya ON inawaka vizuri, unaamini kebo ni nzima, kumbe laptopu haioni kitu. Fungua Device Manager kwenye Windows, chomoa bodi, chomeka. Poti ya COM ikitokea na kupotea unavyofanya hivyo, njia ya USB iko sawa. Kikitokea kitu chenye alama ya njano basi ni dreva, yaani programu inayoiwezesha laptopu kuongea na chipu ya USB, kwa sababu kopi nyingi zinatumia chipu ya CH340 badala ya ile ATmega16U2 ya Uno ya asili, na CH340 ina dreva yake. Na usione aibu kuwa na kopi. Muundo wa Arduino umekuwa wazi tangu ulipoanza kule Ivrea, Italia, mwaka 2005, mtu yeyote anaruhusiwa kuitengeneza mradi asibandike jina na nembo yao.

Sasa kuna jaribio moja ambalo natamani kila mwenye bodi alijue, halihitaji kifaa chochote zaidi ya jampa mbili, yaani vipande viwili vya waya. Ondoa kila kitu kwenye bodi, rilei, sensa, GSM, yote. Chukua jampa moja uunganishe RESET na GND, hapo chipu kuu inanyamaza kabisa. Jampa ya pili unganisha pini 0 na pini 1. Fungua Siriali Monita, dirisha la kuandikiana na bodi kwenye programu ya Arduino, andika neno lolote, labda "mayai", bonyeza kutuma. Ukiona "mayai" imerudi kwenye skrini maana yake neno limetoka laptopu, likapita kwenye kebo, dreva, chipu ya USB, likazunguka kwenye jampa na kurudi. Vyote hivyo ni vizima, kwa jaribio la dakika moja. Lisiporudi, shida iko upande wa USB, usiilaumu chipu kuu kwa kitu ambacho haikufanya.

Neno likirudi, toa jampa zote mbili, bonyeza kitufe cha reset na uangalie taa ya L. Uno yenye butiloda nzima, kale kaprogramu kanakopokea programu mpya, inametesha hiyo taa haraka haraka mara tatu kabla ya kuanza programu yako. Ikimeta na kupakia bado kunagoma, jaribu kubonyeza reset kwa mkono palepale laptopu inapoanza kupakia. Ikikubali kwa mkono basi kakapasita ka nanofaradi 100 kanakopitisha reset kutoka upande wa USB ndo kabovu au lehemu yake imeachia, kitu cha kurekebisha jioni moja. Isipometa kabisa, butiloda imefutika, na hiyo pia si kifo. Azima Uno ingine, ipakie mfano wa ArduinoISP, alafu toa waya pini 10 ya hiyo nzima kwenda RESET ya mgonjwa, 11 kwa 11, 12 kwa 12, 13 kwa 13, 5V na GND, weka kapasita ya mikrofaradi 10 kati ya RESET na GND ya ile nzima, upande wenye alama ya hasi ukae GND, chagua "Arduino as ISP" kwenye menyu ya programa kisha "Burn Bootloader". Hapa ndo penye hukumu ya kweli: kama laptopu inasoma utambulisho wa chipu, yaani 0x1E950F kwa ATmega328P, chipu iko hai. Ikisoma sifuri tupu na waya umezikagua mara mbili, hapo sasa naweza kukubaliana na yule fundi. Na hata hapo kama Uno yako ni ile yenye chipu ndefu inayokaa kwenye soketi unanunua chipu peke yake.

Kuhusu mayai niongeze kitu hata kama hujauliza. Mayai ya kuku yanataka joto la kama 37.5 kwa siku 21, na programu ikiganda balbu zikiwa zimewaka yataiva usiku mmoja. Weka wochidogi, ile saa ya ndani ya chipu inayoiwasha bodi upya programu ikiganda, kwenye ATmega328P unaweza kuipa mpaka sekunde 8. Na tafuta themostati ya kawaida ya kupanuka kwa joto, isiyo na kompyuta, uipitishie waya wa balbu, uiweke juu kidogo ya joto lako. Bodi ikikosea, hiyo inakata. Kazi ya waya za volti 240 uifanye stima ikiwa imezimwa kwenye meni.

Fundi hujambo. Mimi mwanafunzi, nimemtengenezea mama kifaa cha kupima unyevu wa udongo kwenye kitalu cha miche ya kahawa huku Masaka, natumia ESP32 na sensa iko GPIO 25, yaani pini namba 25. Bila waifai inasoma vizuri sana, nikiwasha waifai tu namba zinakuwa za ovyo au haisomi kabisa. Nimebadilisha sensa mara mbili. Na nikiitoa kwenye laptopu nikaiweka kwenye pawabanki inajiwasha upya kila saa, inaandika Brownout detector was triggered. Mwanafunzi, Masaka

Dada, sijambo, na hongera kwa kumfikiria mama. Sensa zako zote ni nzima, hiyo ya tatu usinunue. ESP32 ina sehemu mbili za kupima volti, ADC1 na ADC2, na waifai ikiwaka inaichukua ADC2 kwa kazi zake. GPIO 25 iko ADC2, pamoja na 0, 2, 4, 12 mpaka 15, 26 na 27. Hamisha waya wa sensa uende pini yoyote kati ya 32 na 36 au 39, hizo ni za ADC1 na waifai haizigusi. Mimi ningetumia 34, ambayo haiwezi kutoa umeme, inapokea tu, kwa hiyo hata programu ikikosea haiwezi kuidhuru sensa. Badilisha namba kwenye programu, basi.

Hilo la pili ni umeme. Waifai inapotuma, ESP32 inavuta mamia ya miliampia kwa ghafla, kebo ikiwa nyembamba au ndefu volti zinashuka na bodi inajiwasha upya kujilinda, ndo maana ya hiyo Brownout. Tumia kebo fupi nene, weka kapasita ya mikrofaradi 470 kati ya 5V na GND karibu kabisa na bodi. Utakutana na mtu atakufundisha mstari mmoja wa kuzima huo ulinzi kwenye programu. Usimsikilize. Ujumbe utapotea kweli, lakini volti bado zinashuka, na utaanza kupata makosa ambayo hakuna mtu atayaelewa. Alafu pawabanki: nyingi zinajizima zenyewe zikiona kifaa kinavuta umeme kidogo mno, kwa hiyo kama umeilaza bodi kati ya kipimo na kipimo, pawabanki itakata na unyevu hautapimwa. Kabetri ka lithiamu na chaja yake ya sola ni bora kwa kazi ya shambani.

Na kama sensa yako ni ile ya vidole viwili vya chuma vinavyoingia kwenye udongo, ipe umeme wakati wa kupima tu. Ikikaa na umeme muda wote chuma kinaliwa na namba zinahama polepole, mama atamwagilia miche ambayo haina kiu.

Mwalimu hapa Lira. Shule ilipewa Nano za kopi na laptopu zetu zina Ubuntu. Nikichomeka bodi, poti ya ttyUSB0 inaonekana sekunde moja inapotea. Kwenye laptopu moja poti inabaki lakini inasema ruhusa imekataliwa, na ingine inapakia mpaka inakwama na ile stk500. Wanafunzi wameshaanza kukata tamaa.

Mwalimu heshima yako. Ni shida tatu zilizokuja siku moja, ndo maana zinachanganya, na hakuna bodi mbovu hapo.

Poti inayotokea na kupotea ni programu ya brltty. Kwenye Ubuntu 22.04 inaidhania chipu ya CH340 kuwa ni kifaa cha maandishi ya nukta cha wasioona, inaikamata poti. Utaiona ukiandika dmesg baada ya kuchomeka. Iondoe kwa sudo apt remove brltty, kisha chomoa bodi uchomeke tena. Ila uliza kwanza kama kuna mwanafunzi asiyeona anayetumia kifaa hicho kwenye laptopu mojawapo, hiyo laptopu muachieni kama ilivyo, Arduino zifanyiwe kwenye zingine.

Ruhusa iliyokataliwa: muingize mtumiaji kwenye kundi linaloruhusiwa kutumia poti, andika sudo usermod -a -G dialout ikifuatiwa na jina la mtumiaji, alafu mtumiaji atoke kwenye akaunti aingie upya, bila kutoka haifanyi kazi na wengi wanakwama hapo. Ile ya tatu, nenda kwenye menyu ya Tools, Processor, chagua ATmega328P (Old Bootloader). Nano nyingi za kopi zina butiloda ya zamani inayoongea kwa spidi ya 57600 wakati programu ya Arduino kwenye laptopu inaongea kwa 115200. Waambie wanafunzi sababu, wasikariri menyu tu, hapo watajifunza spidi ya siriali kwa kitu walichokiona kwa macho yao.

Fundi, niko Kasese, Uno yangu inapata umeme kwa betri ya sola ya volti 12 kupitia lile tundu la duara. Asubuhi iko sawa, mchana kachipu karibu na tundu kanachoma kidole na bodi inajizima, jioni inarudi. Ni bodi mbovu?

Hapana. Hako kachipu ni regyuleta, kazi yake ni kushusha volti zako mpaka 5, na kile inachoshusha kinatoka kama joto. Mchana sola inapochaji, betri ya 12 inapanda mpaka kama 14.4, na Uno inashauriwa kupewa 7 mpaka 12. Chukua mfano kifaa chako kinavuta miliampia 200: 14.4 toa 5 ni 9.4, mara 0.2 ni karibu wati 1.9 ya joto kwenye kachipu kadogo kama punje ya mahindi. Kinajikata, kikipoa kinarudi.

Nunua kigeuzi cha kushusha volti cha LM2596, kinapatikana kwa wauza spea za elektroniki. Kabla hujakiunganisha na bodi kipe umeme wa betri, shika multimita kwenye mdomo wa kutokea, zungusha kaskurubu kake polepole mpaka isome 5.0. Baada ya hapo peleka kwenye pini ya 5V na GND, sio lile tundu la duara. Ukitaka kupakia programu kwa laptopu ondoa kwanza huo waya wa 5V, kwa sababu pini hiyo haina ulinzi na umeme wa pande mbili unaweza kusukumana mpaka ukaumiza poti ya laptopu.

Sensa ya joto DS18B20 inaniambia digrii 85 mara zingine -127, na Arua hakuna joto la hivyo! Ni feki?

Hizo namba mbili si joto, ni ujumbe. -127 ni maktaba inasema haioni sensa kabisa: waya umeachia, au pini kwenye programu sio uliyochomeka. 85 ndo namba ambayo sensa inakuwa nayo inapowashwa kabla haijapima chochote, kwa hiyo ukiiona ujue umesoma kabla haijamaliza kupima, ambayo kwa usahihi wa juu ni milisekunde 750, au umeme wake ulikatika katikati. Angalia kama umeweka rezista ya kilo-omu 4.7 kati ya waya wa data na 5V, barua nyingi za namna hii rezista ndo inakosekana. Na kwenye programu yako andika kabisa kwamba ikipata 85 au -127 isichukue hatua, isome upya, hasa kama hiyo sensa inaendesha hita au feni.